Teke la Bunduki Kubwa

Ukitaja Elburgon, watu hukumbuka mbao: mwerezi na podo za msitu wa asili, kisha misaiprasi iliyopandwa kwa safu, malori ya magogo, na vumbi la msumeno lililoganda kwenye mabati. Hawakosei. Lakini tangu reli ifike hapa hadi mwaka wa 1977, mji huu ulikuwa pia njia ya wawindaji. Juu yetu kulikuwa na msitu wa Mau, wenye nyati, ndovu, nguruwe wakubwa wa msituni na bongo. Chini yetu Bonde la Ufa, na tambarare za swala na pofu ambako mnyama alionekana akiwa mbali. Mzungu mwenye shamba kati ya Njoro na Molo aliweza kupanda juu asubuhi na kuteremka bondeni kesho yake. Alitaka bunduki moja imfanyie kazi zote mbili, na hapo ndipo lilipotokea swali lililowasumbua wenye bunduki kwa zaidi ya nusu karne: ni darubini gani itakayodumu juu ya bunduki yenye teke la punda?

Nimefundisha fizikia na ufundi wa chuma mpaka nikastaafu, na sijawahi kuwinda hata sungura. Habari hizi nilizipata kwa marehemu baba yangu, aliyetoka Maragoli akaifuata reli hadi huku, akawa so dokta katika kiwanda kimoja cha mbao. So dokta ni yule anayenoa misumeno, kuinyoosha ikipinda na kuipa meno mapya. Karakana yake ilikuwa na tupa za kila aina, jiwe la kusagia, na vyuma vya kukatia nyuzi za skurubu, vitu ambavyo havikupatikana karibu isipokuwa kwenye karakana za reli Nakuru. Kwa hiyo bwana shamba ambaye darubini yake imelegea hakusubiri kwenda Nairobi. Alimletea fundi wa misumeno.

Nikiunganisha simulizi zake na yale niliyokuja kuyasoma baadaye, naona kwamba historia ya kifaa hiki imesimuliwa kwa kutazama upande usiofaa. Wawindaji waliandika vitabu wakasifu vioo na majina ya kampuni. Karakanani kioo kilikuwa jambo la mwisho. Darubini ilidumu au ilikufa kwa sababu ya uzito wake, skurubu zake, na hewa iliyofungiwa ndani ya bomba lake.

Tuanze wakati ambapo hapakuwa na darubini kabisa. Reli ya Uganda ilifika ziwani Kisumu mnamo Desemba 1901, baada ya kupanda kutoka usawa wa bahari Mombasa hadi zaidi ya mita 2,500 pale Mau Summit, juu kidogo ya hapa kwetu. Njia hiyo ilimfungulia mlango mwindaji yeyote mwenye pesa. Laiseni ya mgeni iligharimu pauni 50, fedha nyingi sana enzi hizo. Mwishoni mwa 1909, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alipita kwenye reli hii hii hadi Londiani, akashuka na kuendelea kwa magari ya ng'ombe kuelekea Uasin Gishu. Miongoni mwa silaha zake ilikuwamo bunduki ya mitutu miwili ya Holland & Holland, kaliba ya .500/.450, zawadi ya marafiki zake wa Uingereza. Roosevelt alikuwa haoni vizuri: jicho la kushoto liliharibika kwenye ndondi alipokuwa rais. Hata hivyo bunduki yake kubwa haikuwa na darubini. Ilikuwa na kijiti cha mbele na pengo la umbo la V la nyuma, basi.

Kijiti hicho cha mbele kinastahili kutazamwa kwa karibu. Kwenye ncha yake watengenezaji wa London walipachika kitone cheupe kidogo kama punje ya mtama, ili kionekane hata gizani chini ya miti. Wengine walikichonga kutoka pembe ya ndovu. Wajuzi zaidi walipendelea jino la ngiri, kwa maana pembe ya ndovu hugeuka rangi ya manjano kadiri miaka inavyopita, na jino la ngiri hubaki jeupe. Mtu aliyekutana na nyati kwenye mianzi ya Mau akiwa hatua 15 mbele yake hakuwa na nafasi ya kutafuta mnyama ndani ya bomba. Aliinua bunduki, akaona kitone cheupe juu ya kitu cheusi, akafyatua.

Waogiek walilijua jambo hilo kabla ya bunduki yoyote kufika. Katika msitu huu waliwinda kwa upinde na mishale ya sumu, kwa mitego, na kwa mbwa wao wadogo wenye bidii. Mwogiek hakuongeza uwezo wa jicho kuona mbali. Alipunguza umbali, kwa kujua upepo unavuma wapi na mnyama analala wapi. Kermit, mwana wa Roosevelt, alipompata bongo katika misitu ya upande wa Njoro, aliongozwa na wawindaji wa Kiogiek, ambao wageni waliwaita Wandorobo. Lakini sheria ya wanyama ya mkoloni ilimtambua mwenye bunduki na laiseni. Mwenye upinde ikamwita jangili. Tume ya Ardhi iliyoundwa mwaka wa 1932 ikapendekeza watu hao wahamishwe, waingizwe katika maeneo ya makabila mengine. Malalamiko yao yaliendelea mpaka Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu ilipoamua kwamba serikali ya Kenya ilivunja haki zao. Ni vyema mtu akumbuke hayo kabla hajaanza kusifu vifaa vya wawindaji wa Mau.

Darubini zenyewe hazikuwa ngeni duniani. Kampuni ya Kahles ilianza Vienna mwaka wa 1898, na kufikia Vita Vikuu vya Kwanza Wajerumani na Waaustria walikuwa na darubini nzuri za kuwindia. Zilifungwa kwa kulabu za chuma zilizochongwa kwa mkono na kuingizwa kwenye matundu juu ya bunduki, kazi ya fundi mmoja kwa bunduki moja. Zilikuwa ghali, na nyingi zilikaa juu ya bunduki za wastani za kupiga swala na paa wa milimani. Ziliposogezwa kwenye bunduki za nyati na ndovu, ndipo matatizo yalipoanza.

Hapa niruhusiwe kurudi darasani kidogo. Chukua bunduki ya .375 ambayo Holland & Holland waliitoa mwaka wa 1912, iliyopendwa sana Afrika Mashariki kwa sababu ilifaa msituni na tambararani. Risasi yake ina uzito wa gramu 19 na ushei, na hutoka mtutuni kwa mwendo wa karibu mita 770 kwa sekunde. Bunduki yenye kilo nne hulipwa kwa kurushwa nyuma mita nne hadi tano kwa sekunde, na huupata mwendo huo katika muda usiofika sehemu mbili za elfu moja za sekunde. Darubini iliyo juu yake hutaka kubaki pale pale ilipokuwa. Kinachoilazimisha ifuate ni pete mbili na skurubu chache. Ukipiga hesabu, darubini ya gramu 300 huzivuta skurubu hizo, kwa kufumba na kufumbua, kana kwamba ina uzito wa karibu kilo 90: magunia mawili ya viazi vya Molo yakining'inia kwenye skurubu unazoweza kuzificha chini ya kidole gumba. Darubini ya gramu 600 huongeza mzigo huo mara mbili.

Ndiyo sababu darubini kubwa yenye kioo kipana, ile inayompendeza mnunuzi dukani, ilikuwa ya kwanza kurudi karakanani. Baba alisema hakuwahi kuletewa darubini iliyovunjwa na nyati. Zote zilivunjwa na bunduki zilizozibeba. Nyingine bomba lilikuwa limeteleza mbele ndani ya pete. Nyingine skurubu zilikatika vichwa. Katika nyingine nyuzi za kulengea zilikuwa zimekatika, nazo katika darubini za zamani zilikuwa za waya mwembamba mno, na baadhi za uzi halisi wa buibui. Na mara kwa mara mwenyewe alikuja na kovu jekundu la mviringo juu ya nyusi, kwa sababu darubini ilikuwa karibu mno na jicho, na bunduki iliporudi ikamgonga.

Dawa zake zilikuwa za kiwandani. Msumeno wa mviringo hutikisika siku nzima, na skurubu isiyofungwa vizuri hujifungua yenyewe, ikaruka, ikaua mtu. Mtu aliyeishi na hatari hiyo hakuhitaji kufundishwa habari ya teke. Kwanza alisaga ncha ya bisibisi kwenye jiwe lake mpaka ikalingana kabisa na mfereji wa kichwa cha skurubu, ubavu kwa ubavu, kina kwa kina; bisibisi nyembamba huteleza na kula kichwa, na skurubu iliyoliwa kichwa haikazwi tena. Pili aliosha skurubu na tundu lake kwa petroli, kwa kuwa mafuta yanayolinda chuma dhidi ya kutu ndiyo hayo hayo yanayoiachilia skurubu. Tatu alipaka tone la vanishi ya shelaki kwenye nyuzi zake kabla ya kuikaza. Gundi za kisasa za skurubu zilivumbuliwa Marekani mnamo 1953 na zilichelewa kufika huku. Mwisho alichukua penseli ya seremala, akachora mstari mmoja unaopita juu ya pete na juu ya bomba. Mwenye bunduki akipiga risasi kumi na mstari ukabaki umenyooka, kazi imekubali. Ukikatika, bomba limeteleza, na hakuna haja ya kulaumu kioo.

Kazi hiyo iliingia hatarini serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari Oktoba 1952 ili kuzima uasi wa Mau Mau. Chini ya kanuni za wakati ule Mwafrika aliyepatikana na silaha au risasi bila kibali aliweza kunyongwa. Dedan Kimathi mwenyewe, kiongozi wa uasi huo, alinyongwa tarehe 18 Februari 1957 kwa hatia ya kumiliki bastola na risasi zake. Familia za Wakikuyu zilikuwa zikipakiwa kwenye magari na treni kuondolewa katika mashamba na viwanda vya huku. Katika hali hiyo, Mluhya kama baba, mwenye bunduki ya mzungu kwenye meza ya karakana alikuwa amekalia moto. Baba aliweka sharti lake: mwenye bunduki asimame hapo hapo, atoe kifungio na risasi zote kabla ya kuingia mlangoni, avitie mfukoni mwake mwenyewe, na asiondoke hata kwenda kuvuta sigara mpaka kazi iishe. "Bwana, ukitoka, na mimi natoka," alikuwa akisema. Wengi walikubali. Aliyekataa alipewa skurubu zake na shelaki kidogo kwenye chupa ya dawa, akajifungie nyumbani.

Adui wa pili alikuwa ukungu, na kwa huu nchi yetu ilikuwa mtihani mgumu kuliko maabara. Elburgon iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Julai asubuhi ni baridi na umande. Sasa fikiria safari ya darubini isiyozibwa sawasawa. Imefika Mombasa ikiwa imejaa hewa nzito ya pwani, yenye unyevu. Inapandishwa kwa treni. Kadiri hewa ya nje inavyopungua kanieneo, ile ya ndani inatoka polepole kwenye maungio. Mwenyewe anateremka nayo bondeni au pwani, na bomba linavuta hewa mpya, pamoja na maji yaliyomo. Kila kupanda na kushuka, bomba linapumua. Kisha inafika asubuhi moja ya Mau yenye baridi kali, unyevu unaganda kwenye kioo kwa ndani, mahali ambapo hakuna kitambaa kinachofika. Mnyama yuko mbele, mwindaji anaona maziwa.

Ufumbuzi ulitoka kwenye nchi nyingine ya mvua na misitu ya mbao. Huko Portland, Oregon, kampuni ya Leupold ilitoa mwaka wa 1947 darubini iliyoziba na kujazwa naitrojeni kavu badala ya hewa. Naitrojeni hiyo haina maji, basi hakuna cha kuganda, mradi mazibo yasishindwe. Kabla ya hapo Mmarekani mwingine, William Weaver, alikuwa ameanza kuuza mnamo 1930 darubini nyepesi ya bei nafuu, ambayo mkulima wa kawaida aliweza kuinunua. Mambo hayo mawili, bei ya Weaver na ukavu wa Leupold, yalibadilisha kilichoonekana juu ya bunduki za Kenya baada ya Vita Vikuu vya Pili. Wateja walinunua Nairobi, katika maduka kama Shaw & Hunter, au waliagiza ng'ambo kwa barua.

Mwaka wa 1956 Winchester wakaleta .458, inayorusha risasi ya gramu 32 kutoka kwenye bunduki ya mtutu mmoja ya bei ya kawaida. Bunduki za Kiingereza za mitutu miwili zilikuwa ghali, na katika miaka ya 1960 viwanda vya Uingereza vilianza kuacha kutengeneza risasi zake. Watu wengi zaidi sasa walikuwa na bunduki nzito iliyofaa kufungwa darubini, na makosa ya zamani yakarudiwa kwa nguvu zaidi. Skurubu za kawaida za vikalio vya Kimarekani, yaani vyuma vinavyoibeba darubini juu ya bunduki, zilikuwa na kipenyo cha milimita 3.5. Mafundi wa bunduki nzito wamezoea kuyapanua matundu yapokee skurubu za milimita 4.2, na mabadiliko hayo madogo huongeza chuma kinachobeba mzigo kwa karibu asilimia 40.

Kufikia hapo, walioishi na bunduki hizi mwaka mzima walikuwa wamefika kwenye chaguo moja bila kukutana kikao. Darubini fupi, nyepesi, ya kukuza mara mbili na nusu au isiyozidi mara nne, isiyobadilika ukuzaji, kwa maana kila kinachozunguka ndani ni kitu kingine cha kulegea. Bomba jembamba la chuma, bila kioo kipana mbele. Jicho likae mbali, upana wa kiganja au zaidi. Na kikalio cha kufungua kwa mkono, ili mtu akiingia msituni, au mvua ikinyesha, aitoe darubini aiweke kwenye mkoba wa ngozi na kurudia kitone chake cheupe. Aliyeubeba mkoba huo alikuwa mchukuzi wa bunduki. Ndiye aliyejua wakati wa kufungua na wakati wa kufunga, ndiye aliyepangusa vioo kwa shati lake, na mara nyingi ndiye aliyegundua kwanza kwamba pete imelegea. Hemingway alimtaja M'Cola katika kitabu chake cha 1935, na Roosevelt naye aliwataja wachukuzi wake. Wengine wengi wamebaki kwenye picha za safari wakiwa wamesimama nyuma ya mzoga, bila jina chini yake.

Biashara yote hii ilikoma ghafla. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa ndovu mwaka wa 1973, na Mei 1977 ikafunga uwindaji wa laiseni wa wanyama wakubwa. Mwaka uliofuata maduka ya ngozi na pembe nayo yakafungwa. Chama cha wawindaji wa kulipwa wa Afrika Mashariki, kilichoundwa Nairobi mwaka wa 1934, kikavunjika. Bunduki nyingi zilihamia Tanzania, ambako uwindaji ulikuwa umefungwa mwaka wa 1973 na ukafunguliwa tena 1978, na ambako bado unaendelea kwa vibali na vitalu. Hapa Elburgon karakana ya kiwanda ilirudi kwenye misumeno peke yake, na msitu wenyewe ukaendelea kukatwa. Bongo wa Mau wamesalia wachache mno. Anayelenga mnyama mkubwa kihalali katika nchi hii leo mara nyingi ni daktari wa wanyamapori mwenye bunduki ya kurusha sindano ya usingizi, isiyo na teke la kumtisha mtoto.

Mpwa wangu anafanya kazi na kampuni ya uwindaji kusini mwa Tanzania, na aliwahi kuniuliza kwa simu anunue darubini gani kwa ajili ya .375 ya kazini. Alikuwa na orodha ya majina makubwa ya Ujerumani na Austria. Nilimwambia aikunje hiyo orodha kwanza. Apime uzito, ahesabu skurubu na kipenyo chake, aulize kama bomba limejazwa naitrojeni, apime umbali wa jicho akiwa amelala chini pia, maana hapo ndipo uso husogea mbele. Kikalio kizuri cha chuma kinaweza kula pesa nyingi, nayo inauma kuzitoa kwa kipande ambacho hakuna mtu atakayekisifia. Anunue hicho kwanza. Zitakazobaki mfukoni ndizo za kioo.